Mumiani wa Wodi ya Wanawake

Mimi nina ugonjwa wa kucheka. Sisemi kule kucheka kwa kawaida, kwa kufurahi na watu. Nasema kucheka mahali ambapo mtu mwenye akili zake angenyamaza. Nimecheka msibani. Nimecheka kwenye usaili wa kazi. Siku ya kula kiapo cha uuguzi, tumepanga mstari na mishumaa mikononi, mwenzangu wa pembeni alipiga chafya akazima mshumaa wake na wangu, nikacheka mpaka mkuu wa chuo akanikazia macho, nikahisi cheti changu kinarudi kabatini. Mama yangu kule Iringa alinionya kwamba kicheko hiki kitaniponza. Mama hakosei mara nyingi, lakini hapo alikosea, maana kuna bibi mmoja wa Lipingo alifunga ndoa kanisani kwa sababu mimi nilishindwa kujizuia kucheka kwenye raundi ya daktari.

Nianze na asubuhi zetu, bila hizo hamtaelewa. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wanawake katika hospitali moja ya Mbinga, na sifa yangu kubwa pale ilikuwa kutoa damu. Nina mkono mwepesi. Mshipa ambao wenzangu wanautafuta hadi jasho linawatoka, mimi naugusa kwa kidole mara moja na unanyanyuka wenyewe. Kwa hiyo kila asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya kahawa na wagonjwa wanangoja uji, nilikuwa nasukuma kitoroli changu kutoka kitanda hadi kitanda. Juu yake kuna mpira wa kufungia mkono, pamba, spiriti, na vichupa vya vifuniko vya rangi rangi, chekundu, cha zambarau, cha njano, vimepangwa vizuri kama pipi dukani.

Nilikuwa namtoa damu kila mtu. Aliyezidiwa nilimtoa, aliyepata nafuu nilimtoa, na aliyekwisha kufunga virago akingoja ndugu waje kumchukua, naye nilimtoa. Agizo lilikuwa moja: rudia vipimo asubuhi. Nani aliyelianzisha, hakuna aliyejua. Zamu inayotoka iliiambia zamu inayoingia, na inayoingia iliitikia, na mimi nikafunga mpira kwenye mkono wa mtu.

Daktari wetu wa wodi alikuwa kijana wa Tanga, Mwislamu mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kiasi kwamba hata akikuagiza ukachukue choo cha mgonjwa unaona amekupa heshima. Alikuwa mwoga wa kukosea, na woga wake ulikuwa wa huruma, sio wa uvivu. Alikuwa na msemo wake: "Bora kupima usikute, kuliko kutopima likakukuta." Aliusema mara nyingi mpaka sisi wauguzi tukawa tunaumalizia kwa pamoja, naye anatabasamu, na mimi naelekea kwenye vichupa.

Wala msidhani wagonjwa walikuwa wanalalamika. Watu wa huku wanapenda kupimwa. Mtu akipanda kutoka Ziwa Nyasa, tuseme Ngumbo, akalazwa kwetu, akirudi nyumbani haulizwi kama amepona. Anaulizwa, "Wamekupima?" Akisema hapana, basi huyo hakwenda hospitali, alikwenda kutembea.

Kulikuwa na mama mmoja wa Mkumbi, mkulima, alijikata mguu kwa jembe akichimba ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, kidonda kikaoza akaletwa kwetu. Kipimo tulichomrudia kila siku kilikuwa kile ambacho wodini tunakiita picha ya damu. Nikawa naona kila nikifika kitandani kwake asubuhi namkuta amekwisha kuamka, amechana nywele, amejifunga kitenge safi, ameketi wima na mikono juu ya mapaja. Nikasema moyoni, mama huyu ni nadhifu kweli. Siku moja, nikiwa naweka plasta, akaniuliza kwa upole sana, "Sista, hizi picha mnazonipiga kila siku, mbona hamnipi hata moja? Au sijatoka vizuri?"

Nilimwomba radhi nikatoka. Wenzangu walinikuta kwenye korido nimeshikilia stendi ya dripu, machozi yananitiririka, wakadhani nimefiwa.

Basi, kwenye kitanda kinachofuatana na cha mama huyo ndipo alipolazwa bibi yangu wa Lipingo. Aliletwa msimu wa mvua akiwa na homa ya mapafu, anahema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Siku zile za mwanzo vipimo vilikuwa halali yake. Vilituambia tumpe dawa gani na tumwangalie kwa makini kiasi gani, na sitamruhusu mtu aje aniambie maabara haina maana. Tulimhangaikia, na dawa ikashika. Siku alipoondolewa oksijeni, kitu cha kwanza alichofanya ni kunitazama usoni na kuniuliza, "Wewe sista, kwenu wapi?"

"Iringa, bibi. Mimi ni Mhehe."

Akafumba macho. Nilifikiri anamshukuru Mungu. Kumbe anakusanya nguvu. "Basi nimekwisha," akasema. "Nimeponea homa, nimeangukia kwa mtani."

Alikuwa Mngoni, mzaliwa wa upande wa Songea, aliyeolewa na Mnyasa akateremka naye ziwani angali msichana. Na Mngoni na Mhehe, kila mtu anajua, babu zetu walipigana mpaka wakachoka, hakuna aliyemshinda mwenzake, na kilichobaki ni utani. Mtani anaweza kukuambia mbele za watu maneno ambayo ndugu yako wa tumbo moja angekuambia mkagombana hadi kaburini, na wewe unalipa kwa maneno mabaya zaidi, na hapo ndipo mnapopendana.

Kesho yake nilipotokea na kitoroli, sauti yake ilinipokea kwa salamu ya Kihehe kutoka mwisho wa wodi. "Kamwene, mumiani wangu!"

Wodi nzima ikageuza shingo.

"Mnamwona huyu?" akaendelea, huku ananinyooshea mkono mwenyewe. "Babu zake walikuja na mikuki kutafuta damu yetu, wakarudi mikono mitupu. Sasa wamekaa kikao, wamemsomesha mjukuu, wamempa sindano, na serikali inamlipa mshahara!"

"Tulia, mtani," nikamwambia. "Nyie mnaokimbizana na panya wa kitoweo porini, leo mnaogopa kasindano?"

"Panya wetu tunawakuta porini. Wewe mla mbwa, wa jirani zako umewaacha na nani?"

Mama wa Mkumbi alicheka hadi uji ukamwagika. Tangu siku hiyo asubuhi zetu zikawa sherehe. Kulikuwa na wagonjwa waliokuwa wakigoma kwenda kuoga mpaka mumiani apite kwanza, wasije wakakosa. Nami nilikuwa nalala najiandaa. Nilikuwa napika matusi yangu huku napiga mswaki.

Katikati ya utani huo ndipo aliponiambia jambo lake. Nilikuwa namfunga mpira mkononi, akainama karibu na sikio langu.

"Mtani, unitoe hapa kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ni mchumba."

"Mchumba wa nani, bibi?"

"Wa mume wangu."

Nikaanza kucheka, akanishika mkono, nikaona hacheki. Akanieleza. Walioana kimila, mahari ikalipwa, wakazaa, watoto wakazaa. Lakini ndoa ya kanisani hawakufunga. "Nimemzalia, nimewazika wazazi wake, nimeanika dagaa zake mpaka mgongo umepinda. Lakini kanisani mimi ni wa kwenye benchi. Wenzangu wakienda kupokea komunyo, mimi nabaki na vitoto vinavyolia. Tangu ujana wangu, mtani, nabaki na vitoto."

"Na mzee anasemaje?"

"Anasema ngoja. Ngoja tuvune muhogo. Ngoja mtoto amalize shule. Ngoja tupate bati. Bati likapatikana, akasema ngoja tuone kwanza kama linavuja." Akavuta pumzi. "Mwaka huu amekubali. Usiniulize kwa nini. Mimi mwenyewe sikumuuliza, niliogopa ataanza kufikiri."

Padri alikuwa anafika kigangoni kwao kwa zamu, na zamu hiyo ilikuwa Jumamosi. Jumatano inayofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu, na Kwaresima haifungwi ndoa. Wakikosa siku hiyo, wangoje mpaka baada ya Pasaka, na kati ya hapo na Pasaka, bibi alisema, mzee wake ana uwezo wa kutunga sababu za kujaza gunia. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Kifua kilikuwa kimekauka, homa imekwisha, ugali anaumaliza na kuulizia mboga. Niliona kabisa daktari anaandika ruhusa.

Lakini majibu ya asubuhi ile yakaonyesha damu imepungua kidogo. Kesho yake ikapungua kidogo tena.

Daktari akakunja uso. Mtu wa umri ule akipoteza damu taratibu, huwa kuna jambo, na alikuwa na haki ya kuogopa. Akaagiza choo kipimwe kama kina damu, hakina. Mkojo, msafi. Minyoo hakuna, malaria hakuna, figo na ini salama. Na kila swali lilitaka kichupa chake, na kila kichupa nilikijaza mimi, kwa mkono wangu mwepesi. Bibi alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, ukimfunika blanketi unaweza kudhani kitanda kiko wazi. Asubuhi ikifika ananyoosha mkono, tunataniana, namtoa, damu inashuka, na daktari anauliza swali lingine.

Jumapili mume wake alikuja kumwona. Mzee mrefu, mkavu, mkulima wa muhogo mwenye mtumbwi wake, kofia ameishika mkononi tangu getini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama miguuni pa kitanda akamtazama mkewe, halafu akaitazama ile mikono yenye plasta huku na huku.

"Wamekuta nini?" akaniuliza.

"Bado, mzee. Wanaendelea kupima."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akaitikia kwa kichwa. Aliacha mbasa, samaki mkavu wa ziwani, aliyefungwa kwenye gazeti, akasema maneno machache kwa Kinyasa, akaondoka kabla muda wa kuona wagonjwa haujaisha. Bibi alimsindikiza kwa macho mpaka mlangoni. "Umeuona uso wake?" akaniambia. "Kapata sababu. Sasa atasema ngoja upone." Na yule mwanamke aliyekuwa akiniita mumiani mbele ya wodi nzima akajifunika kitenge usoni, akalia. Niliumia sana.

Jumatano ikaja, na raundi. Tulisimama kitandani kwake, daktari mbele, mimi na faili pembeni, wenzangu wa zamu nyuma yetu. Daktari alizungumza naye taratibu, kwa Kiswahili chake cha heshima.

"Bibi, damu yako inaendelea kupungua, nasi hatuoni inakopotelea. Itabidi tukupe rufaa uende Songea, wakupitishe kamera tumboni waangalie. Sista, kesho asubuhi rudia vipimo vyote kabla hajaondoka. Na utoe nyingine ya kutafutia kundi, huenda akahitaji kuongezewa damu."

Songea! Foleni ya kamera, kungoja majibu, kungoja gari la kurudi. Nikamtazama bibi. Jumamosi ilikuwa inaondoka machoni pake nikiiona.

"Daktari mwanangu," akasema, "ngoja nielewe. Mnanitoa damu ili mjue kwa nini sina damu?"

"Ndivyo, bibi."

"Na mkishajua sina, mnanitoa nyingine, ili mnipe ya mtu mwingine?"

"Ikilazimu, bibi."

Akajiinua kwenye mto. "Wewe umesoma, mimi sikusoma. Lakini kwetu kuku wakipungua bandani, hatuanzi na safari ya Songea kumtafuta mwizi. Tunaanza na mbwa anayelala mlangoni akiwa na manyoya mdomoni." Kidole kikanielekea. "Unauliza damu yangu inakopotelea? Si huyo hapo Mhehe! Anaketi na wewe, anakunywa chai na wewe!"

Kicheko kilianzia chini ya tumbo. Nilikiminya. Nikauma shavu kwa ndani, nikamfikiria mkuu wa chuo, nikafikiria misiba yote ninayoijua. Nikaweka faili usoni. Faili likaanza kutetemeka, likaniponyoka, likaanguka, na kicheko kikatoka, kikubwa, cha aibu, mbele ya daktari na wagonjwa na Mungu.

"Sista," daktari akasema. Hakupandisha sauti. "Kuna nini cha kuchekesha?"

Nilitaka kuomba radhi. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo kuomba radhi. Kilichotoka ni hiki: "Daktari, damu ya bibi ninayo mimi."

Na kwa kuwa nilikwisha kuharibu, nikaendelea, nikiwa nacheka bado na kujifuta machozi. Nikachukua kikombe cha chai cha mama wa Mkumbi, kile kikubwa cha bati, nikamwonyesha kwa kidole. Damu za leo zinafika hapa, daktari. Za jana hapa. Za juzi hapa. Hapo sijaweka za figo na ini. Kidole kikapanda mpaka kwenye ukingo wa kikombe, na Jumatatu ya wiki iliyopita tulikuwa hatujaifikia.

Daktari akauliza, akikiangalia kile kikombe na sio mimi, "Jana majibu yalipotoka, tulimbadilishia dawa gani?"

"Hakuna, daktari."

"Juzi?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo tulikuwa tunapima," akasema polepole, "ili kesho tuwe na cha kupima." Mabega yake yakaanza kuruka. Sikuwahi kumwona anacheka. Anacheka bila sauti, yule, anatikisika mwili mzima, miwani ikabidi aivue. Bibi alipoona hivyo akapiga kigelegele chembamba cha mtu aliyetoka kuugua, na mama wa Mkumbi akamwitikia kwa nguvu, na basi, raundi yetu ikawa imekwisha kuharibika kabisa.

Alipopata pumzi akaketi kitandani kwa bibi na kufanya kazi yake. Akamvuta kope chini akatazama wekundu wa jicho. Akamsikiliza kifua mbele na mgongoni. Akamuuliza kuhusu choo chake, kama kiliwahi kuwa cheusi, na pumzi zake, na kama anasikia kizunguzungu. Mwisho akamwomba atembee kidogo ili aone kama anachoka.

"Kutembea?" bibi akasema. "Mimi?"

Akashuka, akakaza kitenge kiunoni, na katikati ya vitanda akacheza kioda. Alikuwa amekaa ziwani miaka ya kutosha, Mngoni wangu, kioda cha Wanyasa kilikuwa kimemwingia magotini. Mabega yanakwenda na miguu inajibu, wodi inapiga makofi, na mwenye dripu anapiga kwa mkono mmoja kwenye chuma cha kitanda. Alikwenda hadi kwenye dirisha akarudi, akaketi, hahemi.

"Hiki ndicho kipimo cha leo," daktari akasema. "Majibu nimeyaona."

Akamwandikia vidonge vya kuongeza damu. Akamwambia akiona choo cheusi au pumzi zinabana arudi siku hiyohiyo, asisubiri, na baadaye apitie zahanati wampime damu mara moja tu. Rufaa ikafutwa. Kesho yake bibi akapewa ruhusa, na alipokuwa anaondoka alinikumbatia, akanong'ona kwamba sasa nitafute mnyonge mwingine wa kunyonya.

Kuanzia hapo daktari akaweka swali lake jipya, na alilisema mara nyingi kama ule msemo wa zamani, mpaka nalo tukalizoea: "Nikikuta nitafanya nini, nisipokuta nitafanya nini?" Kama jibu ni lilelile, sindano inarudi mezani. Mtadhani wagonjwa walishangilia. Thubutu! Wiki ya kwanza ilikuwa kilio. Mmoja akaniuliza kama tumemkatia tamaa. Mwingine akasema atawaambia nini watu wa kwao. Mama wa Mkumbi, nywele zake zimechanwa, alinisubiri mpaka nikampita, kisha akamwita daktari mwenyewe. "Na picha yangu?"

Ikabidi daktari aketi amweleze kwamba picha ya damu ni hesabu ya vitu vilivyomo ndani ya damu, sio picha ya kuangalia. Mama alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu. "Kwa hiyo siku zote hizi," akasema, "hamkuwa mnapiga?" Daktari akatoa simu yake mfukoni, akamwambia aketi vizuri, akampiga picha. Mama aliipokea ile simu kwa mikono miwili, akajitazama, akairudisha. "Hii sasa nimeiona," akasema, na hakuulizia kipimo tena.

Jumamosi nilikuwa sina zamu. Daktari alibaki kazini, akanipa doti ya kanga za kwao nimpelekee bibi harusi. Nikateremka ile barabara ya lami inayojizungusha kutoka Mbinga, masikio yakaziba, yakazibuka, na joto la ziwani likanipokea na harufu yake ya dagaa wabichi.

Nilipofika Lipingo sikwenda kanisani. Nilikwenda nyumbani kwa bibi harusi, nikatandika kitenge changu mlangoni, nikalala chali. Ndiyo kazi ya mtani. Nikatangaza kwamba huyu mwanamke hatoki, nimemlisha, nimemwogesha, mwili wangu wote umechoka kwa ajili yake, na sasa wananichukulia bure. Nataka jogoo. Wanawake walipiga kelele, wakanivuta miguu, wakanimwagia maji. Nikajishikilia kwenye mlango. Mwishowe sauti ikatoka ndani: "Mpeni upesi, asije akatoa sindano!" Nikapewa jogoo mwekundu mwenye hasira. Nikaingia naye kanisani, na mlinzi wa mlango akanikatalia, tukamfunga jogoo nje kwenye nguzo, naye akahubiri kutoka huko misa nzima.

Bibi alivaa gauni jeupe la lesi, la mikono mifupi. Watoto wake walikuwa wamemwazimia la mikono mirefu, kufunika zile alama za sindano zilizogeuka kijani na manjano kwenye mikunjo ya mikono yake. Alilikataa. Alisema anataka watu wazione, alizipata vitani na Wahehe, na amerudi hai.

Padri alipomgeukia mzee na kuanza kumuuliza kama yuko tayari kumpokea mwanamke huyu, mzee alijibu, "Ndiyo!" kabla swali halijafika katikati.

"Ngoja nimalize kwanza," padri akasema.

Ah, kanisa! Lililipuka. Bibi harusi akamgeukia padri na shada lake la maua, akasahau kabisa alipo, "Baba, neno hilo usimtajie!" Padri wa watu hakuelewa anachekwa nini. Mimi nilikuwa chini ya benchi.

Lakini ulipofika wakati wa komunyo nilinyamaza. Nilimwona akisimama. Benchi zima lilisogeza magoti kumpisha, na mtoto mmoja aliyekuwa amemshika gauni akaanza kumfuata, mtu akamchukua yule mtoto. Akaenda mbele taratibu, viganja vimepandana, kama mtu anayebeba maji asitake yamwagike. Sikuona vizuri alipopokea. Macho yangu yalikuwa yamejaa, nalia kwa furaha, silii kwa kingine.

Baadaye tulikula chini ya turubai, mvua ya rasharasha ikipita na kurudi. Mbuzi alikuwa amechomwa na mwingine ameungwa, kuna wali, kuna ugali wa muhogo, kuna mbasa, ngoma ya kioda imeshika moto na bibi harusi yuko katikati yake. Mzee akaja kukaa karibu nami. Aliniwekea kipande cha nyama kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe.

"Kula, binti yangu. Huyu mbuzi tumemfunga tangu Jumapili."

"Mlijiandaa mapema, mzee."

Alikuwa anamtazama mkewe akicheza. "Niliporudi kutoka kwenu," akasema. "Mtu akipimwa mara moja, anaumwa. Lakini akipimwa kila siku na hawasemi wamekuta nini, huyo nikajua ananiondokea. Nimefika hapa usiku, nikawaambia watoto wamchukue yule mbuzi mkubwa wamfunge bandani, asitoke tena. Wakaniuliza, baba, ni wa harusi?" Akaigeuza kofia magotini. "Nikawaambia, nyie mfungeni tu. Wa matanga ningewaambiaje?"

Mkewe alikuwa ametuona, akatoka kwenye ngoma akiwa ameloa jasho, akamshika mzee mkono akamnyanyua. Akamwambia aache kunichosha na maneno, aje acheze. Mzee akaenda. Nami nikabaki na sahani magotini, nikachukua ile nyama, nikaila yote.